Mwaka Mama Aliposahau Siku Zetu

Wiki iliyopita nilirudi Ngagara, mtaa wa utoto wangu, kuzika. Aliyefariki alikuwa jirani yetu wa zamani, yule mama wa ukuta kwa ukuta aliyekuwa akituletea sombe, majani ya muhogo ya kutwanga, kila Alhamisi, na nilipotoka makaburini miguu ikanipeleka yenyewe mpaka mbele ya nyumba niliyokulia. Haikuwepo. Mahali pake pana ghorofa la vigae vyeupe, geti la chuma, na mbwa anayebweka ndani bila kuonekana. Nilisimama njiani kama mtu aliyesahau alichotumwa dukani. Kisha upepo wa mchana ukageuka, ukavuma kutoka Zone Industrielle, kule kwenye viwanda, ukaleta ile harufu ya mawese yanayochemshwa kuwa sabuni, nzito, tamu mpaka inakaribia kuchukiza. Hapo hapo nikawa na miaka tisa.

Unaijua hali hiyo, rafiki yangu. Mtu anaweza kuishi miaka mingi hakumbuki kitu, halafu pua inakumbuka kwa niaba yake.

Nyumba yetu ilikuwa ya zile za chini, zilizopangwa mistari tangu enzi za Wabelgiji, baraza mbele na robine moja ya maji uani. Baba alifanya kazi kiwanda cha sabuni. Aliondoka asubuhi kwa miguu, akarudi jioni kwa miguu, na kwenye mikunjo ya viatu vyake kulikuwa na sabuni iliyokauka, ambayo mimi na mdogo wangu wa kike tuliibandua kwa kucha tukaifanya biashara ya kitoto. Mama alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ya kukanyaga kwa miguu ilikaa barazani, na mlio wake ndio uliokuwa saa yetu. Ukienda mbio, bado ni asubuhi na Mama ana nguvu. Ukipunguza mwendo, jua limefika juu ya paa, na muda si mrefu ataniita nikakoleze mkaa kwenye mbabula ili sufuria ya maharage ipande.

Mama alikuwa msemaji. Watu walileta suruali ya kupunguzwa urefu, kazi ya dakika kumi, wakaondoka baada ya saa mbili, wamecheka, wamekula mandazi, wengine wamesahau suruali yenyewe. Alizungumza huku pini zimebanwa kwenye midomo, na hakuna aliyewahi kumwona akimeza hata moja. Jirani yetu wa sombe, Mkristo, mke wa karani wa serikali, alisogeza kigoda chake karibu na ukuta ili asikie vizuri zaidi, na wakati mwingine alicheka upande wa pili kabla hata sisi hatujaelewa.

Sasa sikiliza. Kiangazi kile, vumbi lilipokuwa limefunika majani yote na shule zikikaribia kufunguliwa, Mama alikuwa na rundo la sare za kushona, za bluu kwa wasichana na za kaki kwa wavulana. Ndio msimu aliokuwa akiungoja kila mwaka. Siku moja akamshonea mteja mkono wa kushoto mahali pa mkono wa kulia. Kosa la kawaida, la kufumua na kurudia. Mwaka mwingine angelisimulia wiki nzima, akajicheka. Safari hii aliishika ile nguo, akaitazama muda mrefu, akaiweka mapajani.

"Unaona?" akaniambia. "Mi si fundi. Sijawahi kuwa fundi."

Niliona kama mzaha, nikacheka. Yeye hakucheka.

Baada ya siku hiyo mambo yalipungua kidogo kidogo, jinsi maji ya robine yanavyopungua kabla hayajakatika. Mlio wa cherehani ulianza kuchelewa, ukafika adhuhuri, kisha ukakoma. Mama akawa analala mchana. Mapazia yalibaki yamefungwa, na chumba chake kilikuwa na mwanga wa kahawia kama chai iliyopoa. Chumvi ilisahaulika kwenye maharage. Nywele zangu hazikusukwa. Jirani akipita bila kusalimia, kwa kuwa tu alikuwa na haraka, Mama aliniambia, "Amenichoka. Watu wote wamenichoka." Akisalimia, alisema, "Ananihurumia." Hapakuwa na njia ya kumfikia. Kila lililotokea lilikuwa ushahidi dhidi yake.

Hakuna aliyekuwa amekufa. Hilo ndilo lililotuchanganya. Kama mtu angekufa tungejua la kufanya: tungetandika mikeka, tungepika, watu wangekuja. Baba aliuliza kila jioni, "Nimekukosea nini?" na Mama akajibu kila jioni, "Bure. Hakuna kitu." Alijaribu kupika, masikini, akaunguza wali mpaka mtaa mzima ukajua. Kisha akaingiza cherehani ndani na kuifunika shuka jeupe. Alitaka isishike vumbi, lakini sisi watoto tulipita mbele yake kwa kunyata, kama mtu anavyopita mbele ya maiti.

Na mimi, sitakuficha, nilimkasirikia. Shule zilifunguliwa, nikaenda na sare ya mwaka jana, fupi, upindo umefumuka. Binti wa fundi! Walipouliza, nilisema yangu mpya iko kwenye maji. Nilisema hivyo wiki mbili.

Ndipo Bibi alipokuja, mama yake Mama, kutoka Buyenzi ng'ambo ya mto. Alifika na mkeka wake, redio yake ndogo, na chupa ya mafuta ya habati soda aliyoamini inatibu kila kitu kuanzia mafua mpaka wivu. Watu walikuwa wameshaanza kusema ni majini, wengine wakasema kuna aliyemfanyizia. Bibi aliwasikiliza wote kwa adabu, akawapa chai, akawasindikiza mpaka njiani. Alimsomea Mama Kurani kichwani kila asubuhi. Baba aliposema kwa woga kwamba mwenzake kazini anamjua daktari wa magonjwa ya namna hii, Bibi alijifunga kanga ya pili akasema, "Twende. Mungu ndiye aliyeumba na dawa pia."

Daktari aliwaambia ni ugonjwa kama magonjwa mengine, una dawa, na dawa zake hazina haraka. Leo naujua kwa jina, sonona. Wakati ule nilijua tu kwamba kuna vidonge kwenye kabati, juu, mahali nisipofika.

Lakini Bibi alikuwa na njia yake pia. Hakumuuliza Mama ana nini. Hakumwambia ajikaze. Kila asubuhi alifungua pazia nusu, si lote, akamletea ungo wenye kiganja kimoja cha mchele.

"Mi siwezi, Mama," Mama alisema.

"Sikukuambia upike. Toa mawe tu. Kiganja kimoja."

Mama alichambua punje zile taratibu, kana kwamba kila moja ina uzito wa tofali, na akimaliza Bibi alichukua ungo bila kumsifu. Siku nyingine ilikuwa kufagia, kutoka mlangoni mpaka robine, basi. Siku nyingine kukaa barazani mpaka redio imalize habari. Bibi alikuwa na msemo wake: mwili utangulie, roho itafika nyuma. Mimi nilikuwa nachungulia kila jioni kama roho imefika. Haikuwa imefika. Mama alifagia kama mtu anayefagia nyumba ya watu.

Alhamisi jirani alileta sombe, iliyotwangwa vizuri, yenye mawese na harufu ya kitunguu, akaketi karibu na Mama bila kusema. Mtu mwenye maneno mengi vile! Aliketi tu, akang'oa nyuzi kwenye upindo wa kanga yake, na baada ya nusu saa akasema kwa Kiswahili chake chenye Kirundi ndani, "Haya, mi naenda, nitarudi." Akarudi. Miezi yote ile hakukosa Alhamisi moja.

Siku niliyoogopa kuliko zote ilikuwa ya mvua za kwanza. Nilikuwa uani natega ndoo chini ya bati, mlango wa chumba umeachwa wazi, nikamsikia Mama akizungumza na Bibi. Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa, kama anapanga safari ya sokoni.

"Mukubwa aende Rumonge kwa dada yangu. Akalelewe na mutu muzima. Mi sijawahi kufanyia hawa watoto kitu kizuri, hata kimoja."

"Hata kimoja?" Bibi akauliza.

"Hata kimoja."

"We umesahau, mwanangu."

"Apana, Mama. Sijasahau. Ni sasa ndiyo nakumbuka vizuri."

Ndoo ilijaa ikamwagika miguuni mwangu nami nimesimama. Hakusema kwa hasira, na hakuwa anatafuta kubembelezwa. Aliamini. Alikuwa ameangalia nyuma, miaka yote, akaona jangwa, na akataka kuniokoa nalo. Jumatano ya wiki ile Bibi alipakia nguo zangu kwenye mfuko wa plastiki wenye mistari, akauweka karibu na mlango. Tungeondoka Jumamosi. Bibi hakunitazama usoni alipokuwa akikunja.

Shuleni tulikuwa na mwalimu wa kike, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliyechukia insha zetu kuliko alivyochukia kelele. Wiki ile alitupa kazi ya kueleza siku ya furaha. Wote tuliandika mambo yale yale: wakati wa sikukuu tunakula vizuri, tunacheza, tunafurahi. Alizisoma mbili tatu, akaweka daftari chini.

"Hakuna siku hapa," alisema kwa Kifaransa, kisha akarudia kwa Kiswahili cha mtaani ili iingie. "Mi sitaki 'kila siku' na 'siku zote'. Siku zote si siku. Mi nataka moja. Kulikuwa na nani? Mulikula nini? Kitu gani kilianguka?"

Sijui kwa nini aliuliza kitu gani kilianguka. Lakini nilipofika nyumbani nilikumbuka kiatu, na nikaandika mpaka mwanga ukanikimbia.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Bibi alikuwa uani akipepea mkaa, jirani alikuwa ameshaleta sombe akaenda, mdogo wangu alikuwa amelala. Nikaingia kwa Mama na daftari. Nilikuwa nimeandika kwa Kifaransa, hivyo nilisoma nikigeuza kwa Kiswahili, nikikwama kwama.

Nilimsomea siku ya Idi. Jinsi alivyotushonea magauni mimi na mdogo wangu kwa kitambaa cha pazia kilichobaki kwa mteja, cha manjano chenye majani makubwa, na jinsi mtoto mmoja njiani alivyotuita madirisha. Tulivyoshuka mpaka ziwani na Baba akiwa na suruali yake ya sikukuu. Milima ya Kongo ilikuwa karibu siku hiyo, safi, kama imeoshwa. Mama alivua viatu akaviweka mchangani, wimbi likaja likabeba kimoja. Baba akakimbilia majini na suruali yake yote, akafukuza kiatu kama mtu anayefukuza kuku, akaanguka, akainuka nacho mkononi, na Mama alicheka mpaka akakaa chini kwenye maji, gauni lake la Idi likaelea pembeni. Kisha tukala samaki, mukeke wa kuchoma, wenye pilipili na ndimu, na bugari, mpaka jua likawa jekundu.

Nikafika mwisho. Mama alikuwa amelala ubavu, uso umeelekea ukutani. Nilifikiri hakusikia. Nilianza kufunga daftari.

"Haikuwa mukeke," akasema.

"Ndiyo, Mama. Ilikuwa mukeke."

"Apana. Mukeke ilikuwa imeisha. Tulikula sangala." Kule nje Bibi aliacha kupepea. "Na kipande chako kilikuwa na mwiba. Ukalia sana. Nikakupa donge la bugari, nikakuambia umeze bila kutafuna, ukameza, mwiba ukashuka."

Sikuwa nakumbuka mwiba hata kidogo. Nakuapia, sikumbuki mpaka leo. Ulikuwa wake peke yake.

Akageuka akanitazama, na macho yake yalikuwa na mshangao, kama mtu aliyekuta mlango kwenye nyumba anayodhani anaijua yote. "Ulikuwa unakamata mukono wangu," alisema. "Hivi. Kwa nguvu."

Nisikudanganye kwamba alipona siku hiyo. Alirudi kutazama ukuta, na jioni hakula. Lakini Jumamosi asubuhi, Bibi alipokuwa ameshavaa na mfuko wa mistari uko mkononi, Mama alitoka chumbani akasimama ameshika mlango.

"Asiende leo," alisema.

"Leo tu?" Bibi akauliza.

"Leo."

Bibi akauweka mfuko chini pale pale. Jumamosi iliyofuata ikawa hivyo hivyo: asiende leo. Hakusema kamwe kwamba nisiende moja kwa moja. Mfuko ulikaa karibu na mlango mpaka mvua zikaisha, mimi nikichomoa nguo humo kila asubuhi na kurudisha zilizofuliwa.

Na kila alasiri nilimletea siku moja. Mwalimu alikuwa amesahihisha insha yangu zamani, lakini mimi niliendelea. Siku ya nyigu kwenye cherehani. Siku ya bwana harusi aliyenenepa kati ya kupimwa na kuoa. Nyingine hakuzikumbuka, akatikisa kichwa, na alasiri hizo zilikuwa mbaya. Nyingine alinikatiza katikati ili arekebishe rangi ya kitambaa. Nilianza kukosea makusudi. Niliweka kijani mahali pa bluu, shangazi mahali pa mjomba, ili aje anisahihishe.

Sijui ni kipi kilichofanya kazi. Vidonge, ungo wa mchele, Kurani, jirani aliyeketi bila kusema, au zile siku zangu zenye makosa. Baba alishika vidonge, Bibi alishika dua, na wote wawili walikuwa na haki. Ninachojua ni kwamba siku moja nilikuwa natoka shule, matope yamejaa hadi kwenye soksi, nikafika kona ya dukani nikasikia mlio. Ulikuwa wa polepole, ukisimama, ukianza tena. Sikukimbia. Niliogopa nikikimbia utakatika. Nilitembea hatua moja moja mpaka barazani, na Mama alikuwa hapo, amekonda, shuka jeupe limekunjwa juu ya kiti, anashona upindo wa sare yangu. Upande wa pili wa ukuta kigoda cha jirani kilikwaruza sakafu kikisogea.

Ugonjwa ule ulirudi mara mbili baadaye, mdogo zaidi, na tukaujua ulipobisha. Nami nilipokuwa mtu mzima uliwahi kunipitia msimu mmoja, na nilishangaa jinsi unavyosema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Siku zote, unasema. Hata kimoja, unasema. Nilimwelewa Mama wakati huo kuliko wakati wowote.

Bibi hayupo tena. Baba hayupo. Mwalimu sijui alikoishia. Daftari lilioza na vitu vingine kwenye sanduku lililoingia maji, na sasa jirani naye tumemzika, na watoto wa mtaa ule wanamjua kama jina tu lililotangazwa kanisani.

Mama anakaa nami Kinindo. Magoti yamemzuia kuja msibani. Niliporudi jioni nilimkuta kwenye ua, anamenya maharage mabichi, nikamwambia habari za mazishi, nani alikuja, nani alilia, na kwamba nyumba yetu imevunjwa. Alisikiliza, maganda yakidondoka kwenye beseni. Kisha nikathubutu jambo ambalo sikuwahi kulithubutu. Nikamuuliza kama anaukumbuka mwaka ule Bibi alipohamia kwetu.

Alifikiri kidogo, uso wake ukafunguka.

"We!" alisema. "Ulikuwa mwaka muzuri ule. Mama yangu alikuwa kwangu. Mama wa sombe alikuwa anakuja kila Alhamisi. Na we ulikuwa unanisomea hadithi zako, kumbe ulikuwa mutoto wa uongo mwingi, kila kitu unakosea." Akacheka, akafuta jicho kwa mgongo wa mkono. "Sijui kwa nini miaka mingine haikuwa hivyo."

Nilitafuta kwenye uso wake lile pazia, ule ukuta, ule mfuko karibu na mlango. Havikuwepo. Yeye alikuwa amebakiwa na watu waliokaa naye, na mimi nimebakiwa na yale yaliyowafanya wakae. Nilivuta kigoda nikaketi, nikachukua maharage kutoka kwenye beseni lake nikaanza kumenya.

"Ndiyo, Mama," nikamwambia. "Ulikuwa mwaka mzuri sana."